Moyo unaoruka pigo: usitupe karatasi ya ECG

Mkulima anayepandikiza mpunga Kihurio, wilayani Same, hashangai moyo kwenda mbio akiwa jarubani. Kinachomtia hofu ni pale anapoketi kupumzika: moyo unasita ghafla, kisha unapiga kwa kishindo. Wengine huambiwa ni presha, wengine ni mawazo, wengine wamerogwa.

Huenda ni hitilafu ya umeme wa moyo: pigo la ziada linalokuja kabla ya wakati wake. Kwa watu wasio na ugonjwa mwingine wa moyo, mapigo ya ziada ya aina hii mara nyingi huanzia kwenye njia ya kutolea damu ya chumba cha chini cha kulia, inayoelekea mapafuni. Seli chache hapo hutoa umeme zenyewe bila kusubiri amri.

Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Mapigo machache ya ziada kwa kawaida hayana madhara. Yakipita 10,000 kila siku, yanaweza kudhoofisha msuli wa moyo. Heri ni kwamba chanzo kikiondolewa, mara nyingi msuli hurudiwa na nguvu zake.

Dawa kama propranolol husaidia baadhi ya wagonjwa. Wengine huhitaji chanzo kichomwe. Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, hutafuta mahali pigo linapoanzia, kisha ncha ya mrija huunguza sehemu ya milimita chache tu. Upande wa kulia, wengi hupona kabisa. Upande wa kushoto ni kazi ngumu zaidi, kwani mishipa inayolisha moyo iko jirani. Hatari kama kutoboka kwa moyo zipo, ila ni nadra.

Nchini, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015 pale Muhimbili, hutibu hitilafu za umeme wa moyo kwa njia hii. Lakini safari hiyo inaanzia hospitali ya karibu. Karatasi ya ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, iliyochukuliwa pigo likiruka humwonyesha mtaalamu mahali chanzo kinapoelekea kuwa, hata kabla hajamgusa mgonjwa.

Wahudumu wa afya, mpeni mgonjwa nakala yake. Nawe msomaji, itunze kama hati ya shamba. Ukizimia, ukibanwa kifua, au kama kwenu kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana, usingoje: nenda hospitali leo.