Insulini Ndani ya Mtungi

Kila kisanduku cha insulini kina onyo linalofahamika: kichupa ambacho hakijafunguliwa kiwekwe kwenye jokofu, kati ya nyuzijoto 2 na 8. Aliyeandika onyo hilo alikuwa na jokofu. Huko Dagahaley, moja ya kambi za wakimbizi za Dadaab katika kaunti ya Garissa, nyumba nyingi hazina umeme, sembuse jokofu, na joto la mchana humfanya hata mbuzi atafute kivuli.

Kwa muda mrefu onyo hilo lilipanga siku ya mgonjwa wa kisukari kambini. Dawa haikuweza kulala nyumbani, hivyo ililala hospitalini na mgonjwa akaifuata. Alidungwa sindano asubuhi, akarudi tena jioni, kesho yake vilevile. Kisukari cha aina ya kwanza hakina likizo, maana kongosho limeacha kabisa kutengeneza insulini, na kukosa sindano kwa siku chache tu kunaweza kuua. Katika hospitali ya shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) matibabu hayo ni ya bure. Bure hiyo, hata hivyo, ina bei yake. Mtoto anakosa vipindi darasani, mama anaacha kibanda chake bila mtu, mzee asiyeweza kutembea anahitaji wa kumsindikiza. Hakuna risiti inayoandikwa kwa gharama za namna hii, na ndiyo maana wapangaji wa bajeti za afya huzisahau kwa urahisi.

Swali walilojiuliza MSF na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, lilikuwa jepesi kiasi cha kushangaza: je, joto la Dagahaley huiharibu insulini kweli?

Hofu ilikuwa na msingi. Insulini ni protini, minyororo miwili yenye jumla ya amino asidi 51 iliyokunjwa kwa umbo maalumu, na umbo hilo ndilo linaloiwezesha kufanya kazi mwilini. Joto kali hulifumua, mithili ya ute wa yai unaogeuka mweupe kwenye kikaango. Yai likishaiva, halirudi kuwa bichi. Lakini kuna joto la kikaango na kuna joto la chumbani. Kati ya hayo mawili, hakuna aliyekuwa amepima vizuri joto linalopanda mchana na kushuka usiku kama linavyofanya nyumbani kwa watu.

Wakaanza kwa kupima nyumba zenyewe. Vipimajoto vilionyesha nyuzi 25 hivi usiku na 37 mchana. Kisha maabara ya Geneva ikaiga mapigo hayo, ikapandisha na kushusha joto kila siku kwa wiki nne, muda ambao kichupa kimoja hutumika kikishafunguliwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba insulini hiyo ilipoteza asilimia 1 au chini ya hapo ya nguvu yake, sawa na ile iliyolala kwenye baridi. Kanuni za dawa huruhusu hata asilimia 10. Ilipojaribiwa kwenye chembe hai, ilifanya kazi ileile.

Mwaka 2023 jopo la Cochrane, linalopitia na kupima ubora wa tafiti za tiba, liliongeza uzito. Kwa insulini ya kawaida ya binadamu, kichupa kisichofunguliwa kinaweza kukaa kwenye nyuzi 25 hadi miezi sita, na kwenye nyuzi 37 hadi miezi miwili, bila kupoteza nguvu kwa kiwango cha kumdhuru mgonjwa.

Hapo ndipo mtungi unapoingia. Bibi zetu waliweka maji ya kunywa ndani yake bila kusoma fizikia. Udongo uliochomwa una vinyweleo; maji hupenya taratibu hadi ukuta wa nje, yakageuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Utafiti wa mwaka 2016 uliopima mitungi na vyombo vingine vya kienyeji kutoka nchi mbalimbali uliona kwamba vyote vilipunguza joto ndani yake. Hewa ikiwa kavu, kama ya Garissa, mtungi hufanya kazi vizuri zaidi kuliko Mombasa au Tanga, ambako hewa tayari imeshiba unyevu na maji hayana haraka ya kugeuka mvuke.

Isifikiriwe kwamba mtungi utamaliza kilio cha insulini. Wagunduzi wa insulini mjini Toronto waliiuza hataza yake mwaka 1923 kwa dola moja kila mmoja, wakitaka dawa iwafikie wote. Karibu karne moja baadaye, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba nusu ya watu wenye kisukari cha aina ya pili wanaohitaji insulini hawaipati. Kampuni tatu ndizo zilizoshika sehemu kubwa kabisa ya soko. Hilo ni suala la bei na siasa, na udongo hauwezi kulitatua.

Ila upande wa safari na muda una mengi ya kurekebishwa, na si Dadaab pekee. Magharibi mwa Kenya, mpango wa AMPATH, unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Eldoret na vyuo washirika vya Amerika Kaskazini, ulianza mwaka 2001 kwa tiba ya VVU kabla ya kugeukia presha na kisukari. Wagonjwa walikuwa wakifika zahanati, wanapimwa, kisha wanaambiwa dawa zimeisha. Nauli imekwenda, presha iko palepale. Yakaanzishwa maduka ya dawa yenye mfuko wa kuzunguka: mauzo ya leo hununua shehena ya kesho. Katika vituo hivyo upatikanaji wa dawa ulipanda kutoka chini ya asilimia 40 hadi zaidi ya 90.

Baadaye wagonjwa walipangwa katika vikundi kijijini. Wanapimwa pamoja, wanapata dawa na mafunzo, halafu wanaweka akiba na kukopeshana kama chama chochote cha mtaani. Jaribio lililohusisha karibu watu 2,900 lilionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja presha ya waliopata tiba ya kikundi pamoja na akiba na mikopo ilishuka kwa wastani wa milimita 16 za zebaki, huku ya waliohudumiwa kwa njia ya kawaida ikishuka kwa 11. Si pengo la kupigia vigelegele, lakini kwenye presha, hata milimita chache zina maana kwa moyo na ubongo.

Kwa msomaji mwenye kichupa cha insulini nyumbani: usibadili namna unavyokihifadhi kabla ya kuzungumza na daktari au mfamasia wako, kwa sababu matokeo haya hayahusu kila aina ya insulini. Andika kwenye lebo tarehe uliyokifungua. Kama unatumia mtungi, funga kichupa kwanza ndani ya mfuko wa plastiki ili lebo isilowe. Usikiache juani wala ndani ya gari lililofungwa madirisha. Na insulini iliyoganda kuwa barafu, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima, haifai tena.