Kashata na kahawa chungu

Jioni ukishuka Buguruni Sheli utamsikia muuza kahawa kabla hujamwona: anagonganisha vikombe. Kahawa yake chungu, na ndiyo maana kashata haikosekani. Unatafuna kidogo, unapiga funda, unaendelea kubishana habari za Simba na Yanga.

Walaji ni wengi, wanaoijua kazi yake wachache. Sukari huyeyushwa jikoni. Ikianza kuwa nzito hutiwa nazi iliyokunwa au karanga zilizokaangwa, na iliki kwa mwenye nayo. Humiminwa kwenye sinia lililopakwa mafuta, ikakatwa ingali moto. Ukichelewa kidogo inakauka na kupasuka ovyo. Ukiiepua mapema haigandi kabisa, na mtaji umekwenda.

Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Nino zilipokwamisha uvunaji wa miwa, kilo ya sukari ilipita shilingi 4,000. Mama ninayenunua kwake hakupandisha bei, alipunguza kipande. Tulinung'unika, mimi nikiwa wa kwanza.

"Mzee wangu," akanijibu, "nikipandisha hamnunui. Wanangu watakula nini?"

Nikanyamaza, nikachukua vipande viwili.