Nani Analipa Petroli ya Doria?

Mvuvi wa Watamu, kwenye pwani ya Kilifi nchini Kenya, akikuta kasa amenasa wavuni ana njia mbili. Ya kwanza ni kisu: nyama na mafuta ya kasa vina wateja wa chinichini, ingawa sheria inakataza. Ya pili ni simu. Akipiga, watu wa shirika la Local Ocean Conservation humfuata alipo. Kasa hupimwa, hukaguliwa majeraha, huvishwa kibati chenye namba kwenye kikono, kisha hurudishwa baharini ndani ya eneo la hifadhi. Akiwa mgonjwa hupelekwa kwenye kituo cha matibabu. Mvuvi naye hupewa fedha kidogo za kufidia muda wake na wavu uliochanika, kiasi ambacho kwa makusudi hakikaribii bei ya kasa mwenyewe. Kingekaribia, watu wangeanza kuwavua kasa ili wawauzie waokoaji.

Utaratibu huo ulianza 1998, mwaka mmoja baada ya shirika kuzaliwa kwa jina la Watamu Turtle Watch. Tangu hapo kasa wamerudishwa majini zaidi ya mara 20,000. Hata hivyo, mtu akiombwa kutaja shirika la mazingira, jina linalomjia haraka ni la wale wenye nembo ya panda. Watamu haimo hata kwenye kumi bora za kumbukumbu yake.

Kutojulikana huko kuna gharama. ClimateWorks, taasisi ya Marekani inayofuatilia fedha za hisani duniani, imekuwa ikiripoti kwamba kazi ya kupunguza gesijoto hupata chini ya asilimia 2 ya misaada yote ya hisani. Na hicho kidogo nacho hakiteremki hadi chini. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow, mwaka 2021, serikali kadhaa na taasisi za hisani ziliahidi dola bilioni 1.7 kwa ajili ya wenyeji wa asili na jamii zinazolinda misitu. Ripoti ya mwaka wa kwanza ikaonyesha kuwa asilimia 7 tu ya fedha zilizotoka ndizo zilizofika moja kwa moja kwenye asasi za jamii hizo. Nyingine zilipitia kwa watu wa kati, na kila kituo kina karani wake, gari lake na kodi yake ya ofisi.

Wafadhili wakubwa wana sababu zao, na si zote mbaya. Kukagua ombi la dola 20,000 kunachukua muda ule ule wa kukagua la dola milioni mbili. Asasi ndogo ya kijijini haina mtu wa kuandika andiko la mradi la kurasa 60 kwa Kiingereza cha wafadhili, wala hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa. Ndiyo maana programu za ruzuku ndogo, kama ile ya Mfuko wa Mazingira Duniani inayoendeshwa kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1992, zimekuwa na thamani kubwa kuliko ukubwa wa hundi zake.

Wilaya ya Kilwa, Tanzania, inaonyesha vizuri kile ambacho fedha ndogo inayodumu inaweza kufanya. Misitu ya wilaya hiyo ina mpingo, mti wa Wamakonde wachongaji, ambao pia hutumika kutengenezea klarineti, obo na filimbi za mifuko za Waskoti. Mpingo haukimbii: unahitaji miongo saba au zaidi kufikia umri wa kuvunwa. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa kwenye mto Rufiji mwaka 2003, malori yalipata njia rahisi ya kwenda kusini, na magogo yakaanza kutoka kwa kasi ambayo hakuna mti ungeweza kuifidia. Uchunguzi wa shirika la TRAFFIC uliochapishwa 2007 ulikadiria kwamba hadi asilimia 96 ya ushuru wa mbao uliopaswa kukusanywa ulikuwa unapotea. Vijiji vyenye misitu vilibaki na visiki.

Sheria haikukosekana. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji, kuupangia uvunaji na kubaki na ushuru wake. Kilichokosekana ni mtu wa kukitembeza kijiji hatua kwa hatua. Kazi hiyo ilichukuliwa na Mpingo Conservation and Development Initiative, MCDI kwa kifupi, shirika lililoanza 1995 kama safari za utafiti za wanafunzi wa Cambridge na kusajiliwa kuwa shirika la Tanzania mwaka 2004. Machi 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, alama inayomhakikishia mnunuzi kuwa mbao zimevunwa kwa utaratibu. Vilikuwa vya kwanza Afrika kupata cheti hicho kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii.

Kutoka safari ya kwanza ya wanafunzi hadi cheti ni miaka 14. Ilijaa nini? Mikutano ya kijiji, mingine ya kuzozana na jirani kuhusu mpaka. Kupaka rangi miti ya mpakani. Kuandika sheria ndogo na kuzifikisha halmashauri. Kuhesabu miti mmoja mmoja, kupima unene wake, kufundisha kamati ya maliasili kusoma daftari la hesabu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalopendeza kwenye kalenda ya mfadhili. Cheti chenyewe kilikuwa na fumbo lake, kwa kuwa gharama ya ukaguzi haiwezi kubebwa na kijiji kimoja. Suluhisho likawa shirika kushika cheti kimoja cha kikundi, na vijiji kuingia humo kila kinapokuwa tayari. Shirika la aina hii ni kama boriti za dari: mgeni hazioni, na paa limezilalia.

Upande wa bahari, mfano unaopendeza zaidi ni wa pweza. Pweza wa miamba yetu huishi takriban mwaka mmoja tu, lakini hunenepa kwa kasi ya ajabu. Kijiji kikifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kama mitatu, siku ya kufungua wanawake waendao kuchokoa wakati wa maji ya bamvua, pamoja na wavuvi wa kuzamia, hukuta pweza wakubwa kuliko waliozoea. Mbinu hii ilipata umaarufu kutoka Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagascar, mwaka 2004. Mwambao Coastal Community Network, shirika la Tanzania lenye makao Zanzibar, limeifanyia kazi na vijiji vya Unguja na Pemba, Kisiwa Panza kikiwemo.

Ugumu unaanza mwezi wa pili wa kufunga. Pweza wanakua, habari zinasambaa, na usiku mtu wa kijiji cha pili anaingia na mkuki wake. Hapo kamati ya wavuvi inahitaji boti, tochi na lita kadhaa za petroli. Mwamba uliofungwa bila doria huwafaidisha wezi na kuwavunja moyo waliotii. Wafadhili wengi hulipia warsha ya kuzindua ufungaji, wakapiga picha na kuondoka kabla mwezi huo wa pili haujafika.

Mradi wa Mikoko Pamoja wa Ghuba ya Gazi, Kwale, ulitatua tatizo hilo kwa kujitafutia kipato chake. Tangu 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vinauza hewa ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Watafiti wa taasisi ya bahari na uvuvi ya Kenya wanasaidia vipimo, na shirika dogo la hisani la Scotland, ACES, linashughulikia mauzo. Mapato ya miaka ya mwanzo yalikuwa kama dola 12,000 kwa mwaka: kiasi kidogo kwa mizani ya mikutano ya kimataifa, lakini kimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Mradi ulishinda Tuzo ya Ikweta ya UNDP mwaka 2017, na majirani wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata nyayo kwa hekta 460. Biashara ya hewa ukaa ina wapinzani wenye hoja nzito, hasa kwamba humpa mchafuzi wa mbali ruhusa ya kuendelea kuchafua. Hoja hiyo haifutiki kwa mabomba ya Gazi. Ila hapa angalau wenye mikoko ndio wanaoamua fedha ziende wapi, jambo lisiloonekana katika miradi mingi mikubwa ya aina hii.

Wakati mwingine shirika la mazingira halifanani kabisa na shirika la mazingira. Mwaka 1996 gorila wa milimani wa Bwindi, Uganda, walipatwa na upele uliodhaniwa kutoka kwenye nguo za watu wa vijiji jirani, na mtoto mmoja wa gorila akafa. Daktari wa wanyama Gladys Kalema-Zikusoka alijifunza hapo kwamba afya ya gorila inaanzia kwenye nyumba za binadamu. Shirika aliloanzisha na wenzake 2003, Conservation Through Public Health, linatumia wahudumu wa afya wa vijijini wanaozungumzia usafi, kifua kikuu na uzazi wa mpango. Mtoaji anayesaka picha ya mti ukipandwa angelipita bila kugeuka.

Picha hiyo ya mti, kwa kweli, imekula fedha nyingi. Mche wa mkoko uliopandikizwa mahali pasipo pake, kwenye tope lenye kina au juu ya nyasi bahari, hufa, na nyasi bahari huharibika pamoja nao. Swali la kumuuliza anayeomba mchango ni miche mingapi ilikuwa hai baada ya miaka mitatu.

Udogo, bila shaka, si ushahidi wa uaminifu. NGO za mfukoni zipo, zenye mwenyekiti, mhuri na akaunti tu. Tanzania Bara ina Msajili wa NGOs, na mashirika yanatakiwa kuwasilisha taarifa za kila mwaka pamoja na hesabu. Kenya ilianza kutumia Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 mnamo Mei 2024. Anayeishi Uingereza anaweza kutazama daftari la wazi la mashirika ya hisani, na kama analipa kodi huko, kila pauni anayotoa inaweza kuongezewa peni 25 kupitia mpango wa Gift Aid. Zaidi ya makaratasi, shirika lenye mizizi hujibu maswali madogo bila kigugumizi: kata gani, kijiji gani, nani kwenye kamati, doria ngapi mwezi uliopita, nini kilishindikana. Anayejibu kwa maneno kama uwezeshaji na uendelevu bila kutaja hata jina la kitongoji amejieleza vya kutosha.

Kosa la kawaida la watoaji wema ni kudai kila senti iende kwenye mradi, isiguse mshahara. Mshahara ndio mradi. Anayepokea simu ya mvuvi, anayetunza daftari la mpingo, anayeendesha boti usiku, wote wanakula na kulipa ada za watoto. Watu wetu walioko Muscat, Dubai, London au Toronto wamezoea kuchangia misikiti, shule na visima vya nyumbani, na mtandao huo huo wa jamaa unaweza kuuliza hali ya mwamba au msitu wa kijiji. Wasio na fedha wana ujuzi: mhasibu anaweza kufunga hesabu za mwaka, fundi kutengeneza injini ya boti, mwanasheria kusoma mkataba wa hewa ukaa kabla kijiji hakijatia saini.

Anayetaka kuanza achague eneo moja analolifahamu, aombe kuona hesabu za mwaka jana, kisha aahidi kiasi kidogo cha kila mwezi kwa miaka isiyopungua mitatu, bila kulipangia shirika cha kununua.