Mtoto Atapikapo Alfajiri

Hapana neno la kawaida katika nyumba zetu kama mtoto kusema, "Kichwa chaniuma." Mama humkanda kwa kitambaa cha maji, humpa dawa, naye kesho yake yu uwanjani na wenzake. Aghalabu ndivyo iwavyo, na twamshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini kuna kuumwa na kichwa kwa namna nyingine, na hiyo ndiyo tuliyokusudia kuieleza mwezi huu.

Mtoto huamka alfajiri na maumivu, hutapika kabla hajanywa chai, kisha akaonekana hajambo, akaenda chuoni. Kesho yake vivyo hivyo. Baada ya wiki kadhaa huanza kupepesuka atembeapo, au jicho likaingia makengeza ambayo hakuzaliwa nayo, au akawa akiinamisha kichwa upande mmoja, au mwandiko wake ukaharibika. Husemwa ni minyoo. Kisha husemwa ni malaria. Mwisho husemwa ni jini, akaandikiwa kombe. Hatuwalaumu wazazi, maana dalili hizi, moja moja, hufanana na maradhi mengine mengi. Zinapokutana, na zinaporejea, ndipo yatupasa kushtuka.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Ndani ya ubongo mna maji yanayopita katika njia nyembamba. Uvimbe uotapo nyuma, upande wa kisogo, huiziba njia hiyo. Maji hujaa, na fuvu la mtoto aliyekwisha kukua haliwezi kupanuka. Alalapo usiku msukumo huzidi, na kwa hiyo taabu huja alfajiri. Tena sehemu hiyo ya kisogoni ndiyo ishikayo mizani ya mwili. Ndiyo maana hupepesuka. Kwa mtoto mchanga, ambaye mifupa ya fuvu haijashikana, kichwa chenyewe hukua kupita kiasi.

Saratani ya ubongo haiambukizi. Kwa watoto wengi sababu yake haijulikani, wala haikuletwa na chakula alichokula mama alipokuwa mja mzito, wala na jicho la jirani. Twalisema hili kwa mkazo, kwa kuwa mama wa mtoto mgonjwa hujilaumu vya kutosha bila ya sisi kumwongezea.

Nchini Uingereza, mwaka 2011, ilianzishwa kampeni ya kuwafundisha wazazi na madaktari dalili hizi, zimeandikwa katika kikaratasi kidogo. Kabla yake, muda tangu dalili ya kwanza hata ugonjwa kutambuliwa ulikuwa wiki 13 hivi. Baada ya miaka michache ukashuka chini ya wiki 7. Haikuwa dawa mpya iliyofanya hayo. Ilikuwa ni kujua tu.

Kisomo hakikatazwi, na dua ya mzazi ina daraja yake. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) alituamrisha kujitibu, basi asomewe mtoto akiwa njiani kwenda hospitali, si badala ya kwenda. Na aliyerudishwa na kidonge cha maumivu arudi tena, amwambie daktari waziwazi: hutapika asubuhi, na hupepesuka.

Shirika la Afya Duniani lasema kuwa katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 katika kila 100 wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Kuchelewa ni sababu moja. Sababu nyingine yatuhusu sisi majirani: matibabu huachwa katikati. Uvimbe wa kisogoni uitwao meduloblastoma hupasuliwa kwanza, kisha mtoto huchomwa kwa mionzi siku 5 kila wiki, kwa muda wa wiki 6 hivi, na mara nyingi hufuata dawa za miezi mingi. Mzazi atokaye Newala au Kigoma akaja Ocean Road, Dar es Salaam, ameacha shamba na watoto wengine nyumbani. Hata panapopatikana matibabu bila malipo, kama watoto wapatavyo Muhimbili kwa msaada wa Tumaini la Maisha, nauli na chakula cha waliobaki nyumbani haviko katika cheti cha daktari.

Twajua mafungu 8 ya Zaka. Fakiri yumo, maskini yumo, mwenye deni yumo, na msafiri aliyekatikiwa njiani yumo. Mwulizeni sheikh wenu kama jamaa huyu hamo katika mojawapo, au pengine katika yote manne. Na asiye na fedha aweza kuwalaza watoto waliobaki, kuwapikia, au kukaa wodini usiku mmoja ili mama alale.

Si wote watakaopona. Neil Armstrong, aliyekanyaga mwezi mwaka 1969, alikuwa amemzika binti yake wa miaka 2 mwaka 1962 kwa uvimbe wa shina la ubongo, na uvimbe wa namna ile hata leo hauna tiba ya kuuponya. Mtoto wa namna hiyo ana haki ya kuondolewa maumivu, na wazazi wake wana haki ya kutoulizwa kila siku, "Mbona hapati nafuu?"

Na wanaopona hurudi wamebadilika. Baadhi hunyamaza kabisa kwa wiki kadhaa baada ya kupasuliwa, kisha maneno hurudi polepole. Hilo nalo si jini. Wengine husikia kwa shida, au huhifadhi pole kuliko zamani. Mwalimu wa chuo amweke mbele, karibu naye, wala asimpime kwa sura alizozihifadhi mwenziwe.