Kujiweka Tayari kwa Mauti Siku za Afya

Miongoni mwa maswali ambayo sisi tunaofundisha historia ya Kanisa hatukomi kuulizwa na Wakristo wa Iyunga, penye stesheni ya TAZARA na njia kuu ya malori yaendayo Tunduma, limo moja lizukalo kila msiba wa ghafla unapotokea: mtu aliyekutwa na ajali katika mteremko wa Iwambi, asiyepata hata dakika moja ya kutubu wala mchungaji wa kumwombea, je, amekufa akiwa tayari? Swali hili huulizwa kwa huzuni, na si adabu kulijibu kwa pupa. Walakini ndani yake imo dhana ambayo wale walioileta Injili katika nyanda hizi wasingekubaliana nayo, kwamba kujiweka tayari ni kazi ya saa ya mwisho, ifanywayo kitandani, mgonjwa akiwa katika sakarati ya mauti.

Dhana hiyo haistahili dharau. Wakatoliki wanao Mpako wa Wagonjwa na Komunyo ya njiani kwa anayeiaga dunia, na Kanisa lao tangu zamani limeomba, katika Litania ya Watakatifu, waumini waepushwe na kifo cha ghafla kisichotazamiwa. Lakini Martin Luther, alipoandika mwaka 1519 mahubiri yake juu ya kujitayarisha kufa, hakuanza na sala wala na sakramenti. Alianza na mali: mtu ayapange mambo yake ya dunia waziwazi, ili asiwaachie jamaa zake ugomvi. Kisha akafuatisha msamaha, kusamehe na kuomba kusamehewa, na baada ya hayo mawili ndipo alipomgeuza msomaji amwelekee Mungu. Walutheri wa Iringa, ambao baadhi yao huona habari za shamba na nyumba kuwa si mazungumzo ya kiroho, wangefaidika kuutafakari mpango huo, maana mambo mawili ya kwanza hayamkiniki kwa mtu aliyekwisha kupoteza fahamu.

Wamoravian walikwenda mbali zaidi. Wajumbe wao wanne waliofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, yaani Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner, walimpoteza Martin kwa homa mwaka uleule, kituo cha Rungwe kikiwa bado hakijasimama. Kanisa lililowatuma lilikuwa na chimbuko lake Herrnhut, katika nchi ya Saksonia, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1722 katika milki ya Nikolaus von Zinzendorf. Na huko ilikuwa ada, tokea karne ya 18, kila mshirika aandike wasifu wake mwenyewe, au amsimulie mwingine amwandikie, ili usomwe siku ya maziko yake. Maelfu ya wasifu hizo zimehifadhiwa hata leo, za maseremala na wajane, za watumishi wa nyumbani na za maaskofu. Aghalabu hazina majigambo. Mwandishi husimulia jinsi alivyoshuka moyo, alivyoanguka, alivyorudi, na mahali alipomwona Mungu akimshika mkono, hali akijua kwamba maneno hayo yatasikiwa na majirani waliomfahamu kuliko alivyojifahamu mwenyewe, nao hawadanganyiki upesi.

Tuulinganishe wasifu huo na ule tunaousoma misibani kwetu. Huandikwa na mpwa au mjukuu usiku wa kuamkia maziko, hutaja mwaka wa kuzaliwa, shule, kazi, idadi ya watoto, ugonjwa na hospitali alizolazwa, kisha Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Sisemi kwamba ni uongo. Lakini marehemu mwenyewe hamo, na taabu aliyopaswa kujipa ya kuyahesabu maisha yake angali na siha amefanyiwa na mtu mwingine, tena kwa kuchelewa.

Matunda ya malezi hayo ya Kimoravian John Wesley aliyaona kwa macho mwezi wa Januari 1736, akiwa baharini kuelekea Marekani. Dhoruba ilipasua tanga kuu, maji yakafurika baina ya sitaha, Waingereza wakapiga mayowe, ilhali Wamoravian waliokuwamo chomboni waliendelea kuimba zaburi yao. Alipomwuliza mmoja wao baadaye kama hawakuogopa, alijibiwa kwamba hata wanawake na watoto wao hawaogopi kufa. Wesley, naye ni kasisi, aliondoka na swali juu ya nafsi yake mwenyewe.

Makaburi ya Herrnhut yana mawe yaliyolazwa, ya kadiri moja, tajiri na mtumishi hawapambanuliki, na ibada ya alfajiri ya Pasaka hufanyika papo hapo makaburini tangu mwaka 1732. Ada hii ya alfajiri Wamoravian wetu wanayo. Usawa wa mawe, kwa jinsi vigae na marumaru vinavyoshindana siku hizi, sidhani kama umetuingia.

Na wala isidhaniwe kwamba habari ya kupatana ililetwa na meli. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika kwamba waliamini hasira iliyofichwa moyoni baina ya ndugu huleta maradhi, na dawa yake ni kuitamka mbele ya jamaa, mwenye kinyongo akavuvia maji kinywani mwake kuonyesha kwamba ameitoa. Wazee hao waliijua kazi ambayo sisi tumeiachia mshereheshaji wa msibani, atangazaye kwamba mwenye kumdai marehemu aonane na familia. Mdai wa fedha hujitokeza. Aliyeumizwa kwa maneno miaka 20 iliyopita hana dirisha la kwendea.

Basi, nikiulizwa juu ya mtu wa ajali, hujibu kwamba wokovu wake uko kwa Mungu aliyempa imani wala haupimwi kwa dakika zake za mwisho, na kwamba utayari wake ulikuwa ukijengwa, au ukiachwa, katika siku zake za kawaida. Kisha humwuliza mwulizaji kama ameandika wosia. Sheria ya kimila iliyotangazwa mwaka 1963 inautambua hata wosia wa mdomo, ila inataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, nao si rahisi kukutana usiku wa manane wodini. Wa maandishi ni salama zaidi, na waweza kuhifadhiwa kwa ada katika RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Karatasi ya pili, ile ya wasifu, haina sheria inayoitawala. Mwenyewe aiandike kwa mkono wake, aseme amekosana na nani na amekwenda kwake lini, kisha aiweke kwa mzee wa kanisa, na kila mwaka, Pasaka ikikaribia, aiombe aisome tena, arekebishe.