Si Kila Karatasi Huoza

Mwezi uliopita nilichaguliwa kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya mpwa wangu, kazi ambayo mtu mwenye akili timamu huikwepa. Mambo yalikwenda vyema hadi tulipofikia vikombe vya chai. Vijana walitaka tununue vikombe 300 vya karatasi, vya kutumia na kutupa. Niliwaunga mkono. Nilisimama nikasema kwa sauti kubwa kwamba karatasi ni mti, na mti huoza. Na tangu Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, sote tumekwisha kufunzwa kuipenda karatasi.

Shangazi alikuwa ameketi pembeni akichambua maharagwe. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo karatasi yenu hushikaje chai ya moto isilowe?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake akanichukua hadi kwenye shimo lake la mbolea nyuma ya nyumba, ambamo alikuwa ametupa vikombe kama hivyo baada ya sherehe ya ubatizo mwaka jana. Maganda ya ndizi yalikuwa yamegeuka udongo mweusi. Karatasi ya vikombe nayo ilikuwa imelika, lakini palibaki ngozi nyembamba, kama gamba alilojivua nyoka. Nilivuta moja, ikanyumbuka isikatike. Ilikuwa plastiki! Kumbe kila kikombe hupakwa plastiki kwa ndani, na viwanda vingi vya kutengeneza karatasi upya havivitaki kwa sababu ni taabu kuitenga ile ngozi na karatasi yenyewe.

Tangu siku hiyo nimekuwa msumbufu madukani. Muuza duka wetu akiniona hucheka. Napapasa kila kitu kabla sijanunua: kiking'aa na kuteleza, aghalabu kimepakwa kitu. Hata zile risiti laini za mashine si za kuchanganywa na karatasi kuukuu, kwani zimepakwa dawa inayogeuka nyeusi kwa joto. Mfuko wa kaki ni afadhali, maana haukupaushwa kwa madawa, na nyumbani kwangu mmoja huenda sokoni mara nne au tano kabla haujachanika. Lakini maandazi ya moto sifungi tena kwa gazeti. Wino hupenda mafuta.

Jambo lililonishangaza zaidi ni karatasi ya chooni. Nyuzi za karatasi huweza kutengenezwa upya mara tano hadi saba hivi, kisha huwa fupi mno zisishikamane. Basi mbona tuukate mti mzima, tuzipaushe nyuzi zake ndefu mpaka ziwe nyeupe pe, kisha tuzitumie mara moja tu na kuzitupa shimoni? Ile ya rangi ya kijivujivu, iliyotokana na karatasi kuukuu, hufanya kazi ile ile. Mke wangu alilalamika kwamba wageni watatudhania maskini. Nilimwonyesha trei ya mayai, nayo ni karatasi kuukuu iliyopondwa, na hakuna mgeni aliyewahi kuidharau. Hakuridhika sana, lakini tunaitumia.

Turudi kwenye harusi. Nilipowaambia wanakamati kwamba nimebadili nia, vijana walinizomea. Mmoja aliuliza kama wakwe watanyweshwa chai kwa vikombe vya matangani. Kweli vilikuwa ndivyo: vikombe vya bati vya chama cha kina mama, vyeupe vyenye ukingo wa buluu, ambavyo hukopeshwa kwenye matanga na harambee. Shangazi ndiye mtunza stoo yao. Alitupa 300 kwa sharti kwamba aliyeleta hoja ndiye atakayeviosha.

Siku ya harusi nilikunja mikono ya shati jeupe nikaviosha, nikisaidiwa na watoto wawili waliokuwa wakisubiri keki. Wakwe walikunywa, wakaongezewa. Jioni tulipovihesabu vilikuwa 297. Vile vitatu bado nadaiwa.