Taa za Land Rover ya zamani: anza na ethi

Mwenye pikapu ya Land Rover Series III, aina iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, akilalamika kwamba taa zake ni hafifu, mara nyingi huuziwa balbu za wati 100. Ni tiba mbaya. Balbu kubwa huvuta ampea nyingi zaidi kupitia waya zilezile, na waya hizo ndizo zenye ugonjwa.

Fuata njia ya umeme. Unatoka kwenye betri, unapita kwenye swichi ya taa, unaingia kwenye mkono wa usukani unaochagua ful au dimu, ndipo unarudi mbele kwenye taa. Balbu mbili za H4 zikiwa ful ni wati 120, yaani takriban ampea 10, na zote zinabebwa na visahani vidogo vya shaba ndani ya swichi hizo, vilivyoungua kidogo kidogo kwa miongo kadhaa. Volti ikipungua kwa asilimia 10 tu, balbu ya kawaida hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga wake.

Dawa ni rilei mbili (swichi zinazoamshwa na umeme mdogo), ya ful na ya dimu. Waya za zamani zinazotoka kwenye swichi (katika magari ya Kiingereza, buluu yenye mstari mweupe ni ful, buluu yenye mstari mwekundu ni dimu) sasa kazi yake iwe kuamsha rilei peke yake, pini namba 86. Namba 85 inakwenda ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Pini 30 ipate waya mpya mnene kutoka betri, wenye fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri, na 87 ilishe taa. Swichi itabeba chini ya nusu ampea. Rangi hizo usiziamini kabla ya kupima, kwa sababu gari likishapita mikononi mwa mafundi wa njiani, waya wa rangi yoyote unaweza kukutwa popote.

Hata hivyo, kabla ya kununua rilei, angalia ethi. Bodi ya Land Rover ni ya alumini na chesi ni ya chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, alumini huliwa na kuacha unga mweupe usiopitisha umeme vizuri. Pwani, kwenye hewa ya chumvi, ndiyo kabisa. Dalili yake huonekana nyuma: ukikanyaga breki, taa ndogo zinafifia, au indiketa inawaka pamoja na taa ya breki. Umeme uliokosa njia ya kurudi unapenya kwenye nyuzi za balbu nyingine. Watu hubadilisha balbu, swichi, hata flasha, kumbe bolti moja tu ilihitaji kusuguliwa kwa msasa. Mimi huvuta waya mweusi mpya kutoka kila taa hadi chesi, kisha mwingine mnene kutoka chesi hadi betri, bila kutegemea bodi hata kidogo.

Kupima ni rahisi. Washa taa, weka ncha moja ya multimita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye pini ya balbu inayopokea umeme. Ikisoma zaidi ya nusu volti, kuna hasara njiani. Rudia upande wa hasi.

Wanaotaka LED kwenye indiketa wajue kwamba flasha ya zamani hupata joto kutokana na umeme wa balbu za wati 21. LED huvuta kidogo mno, kwa hiyo flasha hukwama au kupepesa ovyo. Weka ya kielektroniki. Na kama dashibodi ina kitaa kimoja tu kwa kushoto na kulia, indiketa zote nne zinaweza kuwaka pamoja, maana umeme unapita kwenye kitaa hicho hadi upande wa pili. Kiondoe kwenye waya hizo mbili, mguu wake mmoja uupeleke ethi, na mguu mwingine uulishe kupitia diodi mbili, moja kwa kila upande.